Jinsi ya kuwashirikisha wanachuo walio likizo kusaidia watoto wenye usonji hapa Tabora

Wazazi wenzangu na walimu wa vitengo vya mahitaji maalum shuleni, kila likizo ikifika hali ni ile ile, mtoto ratiba yake imekatika ghafla, usingizi umevurugika, anapiga kelele kutwa au anajifungia chumbani, mama hawezi kwenda sokoni wala kufungua genge lake kwa sababu hamna wa kumwachia, na huku mtaani kuanzia Isevya mpaka Cheyo vijana waliorudi kutoka vyuoni wamekaa tu barazani na simu. Hawa vijana wanaweza kusaidia sana ila ukiwakusanya kiholela utapoteza muda wao na wako na mtoto ndo ataumia zaidi. Naandika hapa namna ya kupanga hii kitu tangu mwanzo mpaka mwisho kwa mazingira yetu ya Tabora, na msimamo wangu nausema mapema: mtoto mmoja apewe mwanachuo mmoja, huyo huyo kila siku, na anayemfundisha huyo mwanachuo awe mama au mlezi wa mtoto. Mengine yote yanafuata baada ya hapo.

Kalenda kwanza, maana hapa ndo wengi wanakwama

Wenzetu wa Ulaya na Marekani shule na vyuo vyao vinafunga miezi ile ile ya joto, Juni mpaka Agosti, kwa hiyo kambi zao za watoto wenye usonji zinapata wanachuo kirahisi. Kwetu kalenda zinapishana. Shule za msingi zinafunga mwanzoni mwa Juni kwa kama mwezi hivi, zinafunga tena Desemba, na katikati kuna vile vilikizo vya wiki moja moja. Vyuo vikuu Juni bado wako darasani, UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, zinaisha Julai au Agosti, alafu wako nyumbani mpaka Oktoba au Novemba, na hapo toa wale wa mwaka wa kwanza na wa pili ambao wanakwenda fildi au BTP (mazoezi ya kufundisha mashuleni) wiki kadhaa. Kwa maana hiyo mwanachuo akiwa huru mtoto yuko shule, na mtoto akiwa huru mwanachuo yuko kwenye mitihani.

Usilazimishe likizo mbili zikutane, panga kwa kuangalia mtoto yuko wapi. Watoto wengi wenye usonji mkoa huu hawapo shule kabisa, wako nyumbani mwaka mzima, na kwa hao Agosti mpaka mwishoni mwa Septemba asubuhi ni muda mzuri maana wanachuo wapo. Kwa wale walioko kwenye vitengo weka Jumamosi asubuhi na zile wiki za likizo fupi. Likizo ya Juni watumie wa vyuo vya kati na vyuo vya ualimu ambao ratiba zao ni tofauti, ila waulize mapema kabisa na waandike tarehe zao kwenye karatasi, usikubali neno la "nitakuepo tu mama". Desemba mi nashauri uiache, vyuo vikuu wanarudi wiki kama mbili tu za sikukuu na mtoto akianza kumzoea mtu anaondoka.

Kitu kingine ambacho watu wanakisahau ni sapu, ile mitihani ya kurudia somo ulilofeli. Mwanachuo anaweza kuanza vizuri Agosti alafu matokeo yakitoka ana sapu mbili, anatakiwa kurudi chuo mapema. Siyo aibu, inatokea, lakini ukimuuliza tangu mwanzo na ukawa na mtu wa akiba ambaye mtoto ameshamwona mara kadhaa hutapata shida.

Nani wa kumchukua

Watu wanadhani lazima awe anasoma elimu maalum. Akiwepo ni baraka kweli, na sisi tuna bahati kwamba AMUCTA, chuo kikuu kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, iko hapa hapa mjini na wana shahada ya elimu maalum, pia kuna watoto wa Tabora wanaosoma hiyo kozi Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na vyuo vingine wanarudi nyumbani likizo. Kawaulizie. Lakini pia kuna Chuo cha Ualimu, kuna Uhazili, kuna Chuo cha Reli, kuna Chuo cha Nyuki, kuna manesi, na kozi haimfanyi mtu awe mtulivu. Unachotafuta ni kijana anayekuja kwa wakati, ambaye sauti haipandi hovyo, na ambaye anaweza kukaa chini na mtoto dakika ishirini bila kushika simu. Hizo tabia haziandikwi kwenye barua ya maombi.

Usaili usiwe wa maswali ya "unapenda watoto?" maana nani atasema hapendi. Muulize afanye nini kama mtoto ameziba masikio anapiga kelele katikati ya soko na watu wanamwangalia. Ukisikia "nitamchapa kidogo aache" au "nitamwombea pepo amtoke" mshukuru na umwache aende zake, tena bila ubishi. Ukisikia "nitamtoa kwenye kelele kwanza" huyo mfikirie. Alafu mkaribishe aje siku moja akae tu na watoto huku mama wapo, aangaliwe anafanyaje mtoto akimpuuza. Wapo vijana ambao mtoto asipowaangalia usoni wanakasirika au wanaanza kumshika kidevu wamgeuze, hao bado.

Kila mmoja alete kopi ya kitambulisho cha chuo, barua ya mwenyekiti wa mtaa anapoishi, na majina ya watu wawili wa kuulizia. Piga hizo simu kweli. Na wewe mwenyewe mratibu usifanye kimya kimya, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa na afisa elimu maalum waeleze mnachotaka kufanya, mara nyingine wanajua familia zenye watoto ambao nyie hamjawahi hata kuwasikia. Sensa ya 2022 ilikuta mkoa wetu una watu zaidi ya milioni 3.3 na Shirika la Afya Duniani (WHO) limewahi kukadiria kama mtoto 1 kati ya 100 ana usonji, piga hesabu mwenyewe uone kwamba hao mnaowajua mtaani ni kipande kidogo sana.

Ila usianze na wote. Anza na watoto sita na wanachuo nane, sita wana mtoto wao na wawili wanazunguka, wanapokea mtu akienda chooni au akichoka na hao wawili ndo akiba yako ya sapu niliyosema. Ukijaza watoto ishirini ukumbini kelele peke yake itawamaliza. Watu wanakuja na moyo mzuri wanasema "na huyu pia jamani", inauma kukataa, lakini mwandike kwa awamu ijayo na umpigie kweli awamu ikifika.

Mama ndo mkufunzi

Hapa nakaa kidogo kwa sababu semina nyingi zinaanza vibaya, anakuja mtaalamu anaongea usonji ni nini kutwa nzima, mama wamekaa nyuma wamenyamaza, na kijana anatoka na madaftari lakini hajui mtoto atakayepewa anaonyeshaje kwamba anataka kukojoa.

Huko North Carolina, Marekani, miaka ya 1960 Eric Schopler na mwenzake Robert Reichler walifanya kitu ambacho wakati ule kilikua kigeni kabisa, wakawachukua wazazi kama wenzao katika kazi, wakati wataalamu wengi walikua wanamlaumu mama kwamba ubaridi wake ndo umemfanya mtoto awe vile. Mwaka 1972 mpango wao ukawa wa jimbo zima, ndo huo unaitwa TEACCH, na zile ratiba za picha ambazo leo vitengo vingi vinatumia zimesambazwa sana na hao. Lile la mama kulaumiwa lilishakataliwa na utafiti zamani, usonji unahusiana na jinsi ubongo unavyokua tangu mapema na urithi una nafasi kubwa, siyo malezi, siyo chanjo, siyo kulogwa. Mwanachuo lazima alisikie hili siku ya kwanza tena mbele ya mama, kwa sababu wengi wa hawa mama wameshaambiwa mengi na mawifi na majirani.

Kwa hiyo mafunzo yawe siku tatu. Siku ya kwanza wanaongea walezi tu. Kila mlezi anajaza karatasi moja ya mtoto wake akisaidiwa na mwanachuo wake, kama mama hasomi anaongea kijana anaandika: anapenda nini, anaogopa nini, anakula nini na hali nini kabisa, anaonyeshaje njaa, anaonyeshaje haja, anatulizwaje, ana dawa anazotumia, amewahi kuanguka kifafa, anakimbia au hakimbii na akikimbia anaelekea wapi. Na lugha. Kuna watoto wamelelewa na bibi Sikonge au Uyui wanaelewa Kinyamwezi kuliko Kiswahili, kuna wengine wana neno lao moja la maji ambalo nyumbani tu ndo wanalielewa, mwanachuo ajifunze hilo neno kama lilivyo. Siku ya pili vijana wanakwenda nyumbani kwa mtoto, wanakaa, wanaangalia, mama anafanya shughuli zake za kawaida. Akifika asalimie vizuri shikamoo mama, akae pale anapoonyeshwa, asianze kumkimbilia mtoto. Mtoto akisogea mwenyewe sawa, asiposogea leo pia sawa. Siku ya tatu ndo sasa mwalimu wa kitengo anawafundisha mbinu chache za kufanyia kazi, na hapo itaeleweka kwa sababu kila mmoja ana sura ya mtoto kichwani.

Mbinu zenyewe siyo nyingi. Ongea maneno machache, "Juma kaa" inatosha, siyo "haya Juma mpenzi njoo basi ukae hapa kwenye kiti kwa anti". Ukishasema nyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, watoto wengine wanachelewa kuchakata maneno na ukirudia rudia unamwanzishia upya. Onyesha kitu chenyewe au picha. Mpe machaguo mawili. Usimlazimishe akuangalie machoni, kuna watoto wakikuangalia hawawezi kukusikiliza. Akirusha mikono au akijitikisa mwache, ndo anavyojituliza, zuia pale tu anapojiumiza au anamwumiza mwenzake.

Na kupiga hapana. Nalisema kwa sababu historia ya wanachuo kwenye kazi hii ina somo. Pale UCLA kuanzia miaka ya 1960 Ivar Lovaas aliwatumia wanafunzi wa chuo kikuu kukaa na mtoto mmoja mmoja, na mwaka 1987 akachapisha matokeo ya watoto 19 waliofundishwa hivyo kama masaa 40 kwa wiki, watu wakashangaa jinsi wengine walivyopiga hatua, na mpaka leo wataalamu wanabishana kuhusu namba zake. Ila kazi zake za mwanzo zilikua na makofi na hata shoti za umeme, na hilo limekuja kulaaniwa vikali na watu wazima wenye usonji wenyewe pia. Kwa hiyo vijana wanaweza kufanya kazi kubwa sana na vijana hao hao wanaweza kumwumiza mtoto kama aliyewaelekeza amewaambia ni sawa. Sisi tumekulia kwenye viboko wengi wetu, ndo maana lazima hili liandikwe na kila mwanachuo asaini: hakuna kofi, hakuna kufinya, hakuna kumfungia mtoto chumbani, hakuna kumnyima chakula au maji ili atii. Akivunja mara moja anaondoka siku hiyo hiyo.

Mahali na siku yenyewe ilivyo

Tafuta sehemu yenye uzio na geti linalofungwa, darasa la shule, ukumbi wa parokia, madrasa, popote ila pawe na kivuli, na kwa hilo Tabora tumebarikiwa miembe ipo kila kona. Kaa mbali na stesheni kama una mtoto anayeogopa honi ya treni, ingawa kuna mtoto mwingine treni ndo kitu pekee anachokipenda duniani na huyo unaweza kumpeleka kuitazama kama zawadi ya wiki. Angalia spika za sokoni, angalia adhana na kengele zinapiga saa ngapi usije ukamshtukiza, mwandae dakika chache kabla. Headphone zile kubwa za masikioni hata kama hazina nyimbo zinapunguza kelele, mkiwa nazo mbili tatu za kupokezana zinawaokoa wengi.

Muda saa mbili mpaka saa tano asubuhi basi. Septemba na Oktoba jua la Tabora ni kali na saa sita watoto wanakua wamechoka na joto, na watu wazima pia.

Ratiba ya picha ndo mhimili. Usisubiri mfadhili, chukua boksi la sabuni, kata vipande, chora kwa maka peni au piga picha kwa simu vitu halisi vya pale, mkeka wenyewe, bomba lenyewe, kikombe chenyewe cha uji, nenda steshenari wakuprintie, zibandike kwa mpangilio kutoka juu kwenda chini. Kitu kikiisha mtoto anaivua picha anaiweka kwenye mfuko. Kwa anayeanza zitoshe mbili tu, kwanza na halafu: kwanza kunawa, halafu bembea. Siku kuna mabadiliko, labda hakuna bembea leo, badili picha mapema umwonyeshe, usimwache agundue mwenyewe bembea imefungwa.

Mpangilio wa asubuhi usibadilike badilike. Wanafika, wanasalimiana kwa namna mtoto anavyoweza hata kwa kugusa kiganja, kazi ya mkeka fupi, michezo ya mwili, uji, kazi nyingine fupi, muda wa kimya, kwaheri. Kazi ya mkeka siyo lazima iwe a e i o u. Kuna kijana wa miaka 11 ambaye anachohitaji maishani ni kuvaa shati na kufunga vifungo, kunawa, kumwaga maji choo kikishatumika, kuomba msaada. Chagueni na mama vitu viwili tu kwa kila mtoto kwa kipindi chote, viwili, na mwanachuo avivunje vipande vipande. Kunawa mikono tu kuna kufungua bomba, kulowesha, sabuni, kusugua, kusuuza, kufunga bomba, kufuta. Mara nyingi ni rahisi kumwanzishia mwisho, wewe unafanya vyote yeye anafunga bomba na kufuta, akiweza anaongezewa kipande cha nyuma yake, hivo kila mara anamaliza yeye na anapata sifa ya kumaliza.

Vifaa vipo majumbani. Vifuniko vya soda vya kupanga kwa rangi, vibanio vya nguo, mchanga na vikombe, kamba, mpira, beseni la maji. Maharage na shanga kwa mtoto anayeweka kila kitu mdomoni usitumie. Michezo ya mwili weka ya kusukuma na kubeba, kusukuma tairi, kubeba ndoo ndogo ya maji kumwagilia miche, watoto wengi wanatulia baada ya kutumia nguvu hivyo kabla ya kukaa mkekani.

Chakula, sikiliza mama. Mtoto anayekula ugali mkavu na karanga tu usimpe uji wa pamoja kwa sababu eti wote wanakula, anakuja na chakula chake. Kuna anayekubali michembe tu, basi aje na michembe. Hii siyo kudeka, kwa wengine harufu au ulaini wa chakula unamchefua kweli kweli, na likizo fupi ya wiki chache siyo mahali pa kupigania sahani.

Mtoto akilipuka, namaanisha ule mlipuko wa kuzidiwa, analia anajipiga anajitupa chini, hapo kumfundisha hakupo. Mwanachuo ashushe sauti au anyamaze kabisa, aondoe vitu vya kuumiza, yule wa akiba awaondoe watoto wengine na awazuie watu wasije kuchungulia, ampeleke kivulini kama anakubali kuguswa, asubiri. Ikishapita asimhoji wala asimwambie "umeona ulivyofanya". Maji, kimya, alafu ajiandikie kwenye daftari nini kilitokea kabla, saa ngapi, kulikua na sauti gani, njaa, mabadiliko. Baada ya wiki mbili ukisoma hayo madaftari utaona mambo yanajirudia, mtoto wa fulani kila mara ni saa nne jua likigeuka likaingia darasani, na unaweza kulitatua kwa pazia la khanga.

Usalama, hapa hakuna mazoea

Kwanza kukimbia. Watoto wengi wenye usonji wanachomoka ghafla na wengi wanavutwa na maji, na mtaani kwetu kuna visima vya wazi, kuna mitaro, kuna bodaboda zisizopunguza na kuna reli. Zungukeni eneo lote kabla ya kuanza, visima vifunikwe, na mtu mmoja kazi yake iwe geti tu kuanzia wanapofika mpaka wanapochukuliwa. Kila mtoto avae kikadi chenye namba ya simu ya mratibu. Anayemchukua mtoto awe yule aliyeandikwa tu, dereva bajaji mpya hapewi mtoto hata kama anajua jina.

Pili, mwanachuo asiwe peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, awe wa kike au wa kiume, hakuna kusema huyu namfahamu ni mtoto wa shangazi. Milango wazi. Chooni na kubadilisha nguo anasaidia mama au mlezi aliyekubaliwa na mama, na angalau walezi wawili wawepo kila siku kwa zamu. Watoto wasioongea hawawezi kusema wamefanywa nini kwa hiyo ulinzi lazima uwe kwenye utaratibu, usitegemee uaminifu wa mtu. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure, ibandikeni ukutani pamoja na simu ya afisa ustawi na ya dawati la jinsia na watoto polisi.

Tatu kifafa, maana kinawapata watoto wenye usonji zaidi kuliko watoto wengine. Wanachuo wote wafanye zoezi: mtoto akianguka mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, ondoa vitu vya karibu, usimshikilie kwa nguvu, usiweke kijiko wala kitu chochote mdomoni, angalia saa. Ikipita dakika 5 au ikirudia kabla hajazinduka, hapo ni hospitali moja kwa moja, ile ya rufaa ya mkoa ya Kitete, kwa hiyo lazima iwepo bajaji ya mtu mnayemjua ambaye simu yake inapokelewa.

Nne, picha. Simu za wanachuo zinakaa kwenye kikapu mpaka saa tano, ya mratibu peke yake ndo inabaki hewani. Hakuna picha ya mtoto kwenye status, hakuna video ya mtoto akilia, hata kama nia ni kuelimisha jamii. Mkitaka picha za kuonyesha halmashauri au wafadhili piga mikono, piga kazi zao, piga ratiba ya ukutani, na za sura mama aombwe kwa maandishi na aambiwe zitakwenda wapi.

Hela na vyeti

Kujitolea siyo bure. Mwanachuo bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, halipo wakati wa likizo, nauli ya kutoka Ipuli au Malolo kila siku mwanzoni ataitoa baadaye ataanza kukosa. Walipieni nauli na uji wanywe na watoto, hiyo ndo bajeti ya kwanza kabla ya tisheti na bango. Familia zichange kidogo kwa uwezo, misikiti na makanisa waombwe sukari na unga, wafanyabiashara wa mjini mara nyingi wanakubali ukiwaomba kitu kimoja kinachoeleweka kama mikeka sita, kuliko ukiwapelekea barua ya bajeti ndefu. Mpeni kila mwanachuo barua inayosema alifanya nini hasa na masaa mangapi, wa elimu maalum na ustawi wa jamii itamfaa, lakini muisaini mwisho, siyo mwanzo.

Na wanachuo nao wanachoka. Kila Ijumaa nusu saa wakae na walezi wanywe chai waongee, kijana aliyeng'atwa mkononi anahitaji mahali pa kusema kwamba aliogopa. Anayetaka kubadilishiwa mtoto aseme mapema kwa mratibu na mtoto aandaliwe taratibu, wawe wote wawili siku kadhaa kabla ya kupokezana. Waambieni pia wasiahidi kitu, wasimwambie mama "ataongea tu mwaka huu" wala wasilete dawa za mitishamba wala wasikatishe dawa za hospitali.

Kuagana na kukabidhi

Watoto hawa mtu akipotea ghafla wanamtafuta. Kama wiki mbili kabla ya mwisho bandika kalenda ya siku zilizobaki karibu na ile ratiba, kila asubuhi mtoto na mwanachuo wanakata siku moja kwa maka peni. Wiki ya mwisho mwanachuo apunguze kufanya na mama aongeze, kile kitu cha kunawa au vifungo sasa mama afanye naye pale pale mwanachuo akiangalia, maana njia aliyoizoea mtoto kwa dada wa chuo inaweza isifanye kazi nyumbani kwenye ndoo na kata badala ya bomba, na ni vizuri hilo ligundulike mkiwa bado pamoja.

Daftari la mtoto litolewe kopi tatu. Moja ya mama, moja apelekewe mwalimu wa kitengo mkono kwa mkono na mwanachuo akiwepo aeleze, kama mtoto hayupo shule hiyo kopi iende nayo kwa afisa elimu maalum siku mnapomwombea nafasi kwa sababu inaonyesha mtoto anaweza nini badala ya kusimulia tu. Ya tatu anatunza mratibu kwa ajili ya kijana atakayekuja Agosti nyingine. Na kabla mwanachuo hajapanda treni au basi kurudi chuo akae na mama wakubaliane wazi kama atakua anapiga simu au la, na kama atapiga iwe siku gani, alafu hiyo siku ichorwe kwenye kalenda ya mtoto pale ukutani nyumbani kwao.